Mtungi Uliozikwa Georgia

Ukiingia marani, ghala la mvinyo la Wageorgia (wale wa milima ya Kaukazi, si wa Marekani), usihangaike kutafuta mapipa. Tazama chini. Utaona midomo ya mitungi tu. Miili imezikwa ardhini. Mtungi huo ni kvevri: wa udongo, umbo la yai, mwingine mkubwa hata mtu huingia ndani kuusafisha. Ndani hupakwa nta ya nyuki.

Desturi ya mvinyo huko ni kongwe. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba vigae vya Gadachrili Gora na Shulaveris Gora, kusini mwa Tbilisi, vina masalia ya mvinyo wa takriban miaka 8000 iliyopita.

Kwa nini kuzika? Zabibu zikichacha hupata joto, na ardhi hulipunguza. Majira ya baridi yakiingia, ardhi hiyohiyo huukinga mtungi.

Ila kinachotiwa mtungini huamuliwa na hali ya hewa. Kakheti, mashariki, Kaukazi huzuia baridi ya kaskazini, kiangazi ni kikavu, na zabibu huiva hadi vikonyo. Basi kila kitu hutiwa humo: maji ya zabibu, maganda, mbegu, vikonyo, kwa miezi kama mitano au sita. Zabibu nyeupe za Rkatsiteli hutoa mvinyo wa rangi ya kaharabu, mkali ulimini kama chai iliyokolea. Imereti, magharibi, unyevu wa Bahari Nyeusi huacha vikonyo vibichi, hivyo maganda hutiwa kidogo tu. Guria na Samegrelo, pia magharibi, mizabibu iliachwa ipande juu ya miti ipate upepo; mchumaji alikwea na kikapu chembamba chini, akakishusha kwa kamba.

Walipoitawala Georgia, Wasovieti walitaka wingi: viwanda, na aina chache za mizabibu kati ya zaidi ya 500 za asili. Kampeni ya kiongozi wao Gorbachev ya 1985 dhidi ya pombe iling'oa mashamba mengi. Mwaka 2006 Urusi, mnunuzi mkuu, ikafunga mlango hadi 2013. Lakini nani angefukua mtungi wa babu uani? Familia ziliendelea, na mwaka huohuo wa 2013 UNESCO ikautambua ujuzi huo.

Mimi nahofia hatima ya wafinyanzi wa mitungi hii. Wamebaki wachache, katika vijiji kama Vardisubani na Makatubani. Mtungi hujengwa tabaka kwa tabaka. La chini likauke kiasi ndipo la juu liongezwe. Mkubwa huchukua wiki kadhaa, kabla haujaonja moto.