Okapi: mnyama wa kwetu ambaye wengi hawajamuona

Ukitoka Mambasa kwa pikipiki kuelekea Epulu, njia ya kilometa 70 hivi, barabara ya taifa namba 4 inakuingiza ndani ya Hifadhi ya Wanyama ya Okapi. Wengi wanapita hapo miaka na miaka bila kumuona okapi mwenyewe. Sababu ni masikio yake: anasikia mtu toka mbali, anajificha kimya porini.

Mwenye bahati anaona kwanza miguu yenye mistari myeupe, anafikiri ni punda milia. Hapana, ni ndugu ya twiga, na porini anaishi Kongo tu.

Zamani, mgeni aliweza kumuona karibu, kwenye zizi la kituo cha Epulu. Tarehe 24 Juni 2012, Mai-Mai Simba wa Morgan walishambulia kituo, wakaua watu, wakiwemo walinzi wa hifadhi. Okapi wote 14 wa zizi walikufa.

Kwa hiyo ukimkuta njiani, simama, zima mashine, usipige honi, usimfukuze. Na ukiuziwa nyama yake, kataa: sheria inamlinda.