Je, Landrover ya babu ilikwenda Kagera?

Wadau, somo la historia limenifuata mpaka nyumbani Kihonda. Mjomba ameamua kulifufua Landrover 109 la babu, ambalo liko juu ya mawe tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Kabla ya rangi mpya lazima ya zamani itoke, na msasa nimekabidhiwa mimi. Basi bwana, kwenye kukwangua ikaibuka kesi.

Ukikwangua mlango wa dereva unakutana kwanza na bluu. Hiyo hata akina mama wa Mgeta wanaikumbuka, ndiyo iliyokuwa inateremsha kabichi na karoti kutoka Nyandira miaka ya 1990. Chini yake kuna kijivu, na alama za herufi za shirika la umma ambalo babu alikuwa dereva wake, kabla halijafilisiwa naye akanunua gari kwenye mnada. Chini kabisa, kijani.

“Unaona?” mjomba akadakia. “Kijani cha jeshi hicho! Si mzee kila siku anasema lilikwenda vitani?”

Nikaanza na umri wa gari. Landrover la kwanza lilionyeshwa Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa na mgao wa chuma baada ya vita, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, na yale ya mwanzo yakapakwa kijani kilichobaki kwenye kazi ya ndege za kivita. (Ndiyo maana pia bodi letu halina kutu, wakati chasisi, ambayo ni chuma, imeliwa mpaka kidole kinapita.) Zamani taa kubwa zilikaa katikati, kwenye shoo ya mbele, zikahamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Letu taa ziko kwenye madigadi na shoo ni ya plastiki, kwa hiyo ni Series III, toleo la 1971 hadi 1985. Amin alivamia Kagera Oktoba 1978. Umri unaruhusu. Na ni kweli serikali haikupigana kwa magari ya jeshi peke yake, ilikusanya ya mashirika na ya watu binafsi pia.

Ila kile kijani kinakataa kutoa ushahidi. Nimefungua viti, kipo. Nyuma ya dashibodi, kipo. Mpaka kwenye maungio ambako bunduki ya fundi haifiki, kipo, na chini yake ni aluminiamu tupu. Fundi wa mwaka 1978 mwenye haraka ya vita hawezi kung'oa dashibodi eti apake rangi. Hicho ni kijani cha kiwandani, kama Landrover mengi tu.

Mjomba alinuna. Mimi nikamwendea babu barazani, shikamoo, marahaba, nikamwuliza taratibu maana sikutaka aone namwita mwongo. Akacheka mpaka akakohoa.

“Nani alikuambia walipiga rangi? Nilikabidhi funguo kwa dereva mwingine, wakalipaka tope, wakaondoka nalo. Lilirudi mwaka uliofuata, na mlango wa nyuma si wake.”

Jamani! Nilikimbilia uani. Mlango wa nyuma nilikuwa bado sijaugusa. Bluu, kijivu, halafu rangi ya mchanga. Kijani hakuna hata tone, hata kwenye bawaba.

Mwalimu wa historia angenikata maksi nikisema hapo nimethibitisha Kagera. Mlango ungeweza kubadilishwa popote, hata hapa Msamvu. Lakini babu alitaja mlango kabla mimi sijaukwangua, na mtu anayekumbuka jambo dogo namna hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini, mimi namwamini kuliko kijani cha mjomba.

Tatizo ni kwamba mjomba ana mipango. Tangu aone picha za tamasha la Landrover la Arusha la Oktoba 2024 anataka gari lote liwe kijani kipya, ndani na nje, mlango wa nyuma ukwanguliwe mpaka kwenye bati. Nimemwomba upande wa ndani auache. Anasema watu watadhani hela ya rangi ilimwishia.

Fundi anakuja na kompresa Jumamosi. Mlango nimeufungua mwenyewe kwa spana, na kwa sasa uko chumbani kwangu, nyuma ya kabati.