Kabla Pleti Haijatengenezwa: Kuandaa Michoro ya Lebo na Katoni za Bidhaa Zinazovuka Mpaka

Mchoro wa lebo unaweza kutengenezwa Arusha, mifuko ikachapwa Nairobi na unga ukauzwa Kigali. Kosa lililomo kwenye faili husafiri njia hiyo yote. Katika uchapaji wa flekso kila rangi ina pleti yake, na katika gravua kila rangi ina silinda yake ya chuma iliyochongwa. Kosa likigunduliwa baada ya hapo, pleti hutengenezwa upya kwa gharama mpya na mifuko iliyokwisha chapwa hubaki stoo. Viwanda vingi humtaka mteja asaini prufu kabla mashine haijawashwa, na akishasaini ni vigumu kumdai mchapaji. Hivyo hata asiyejua kutumia kompyuta anapaswa kujua anachosaini.

Rangi na picha

Kioo cha kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine ya uchapaji hutumia wino wa sayani, majenta, njano na nyeusi. Kijani kinachong'aa kwenye kioo hufifia kwenye karatasi, kwa hiyo faili lote ligeuzwe kuwa katika rangi nne za wino na mteja aone matokeo mapema. Kama rangi ya nembo ni lazima ibaki ileile katika kila oda, aombe wino maalumu uliochanganywa tayari na ataje namba yake.

Picha zinahitaji nukta 300 kwa inchi katika ukubwa halisi wa kuchapwa. Picha ya upana wa sentimita 10 iwe na pikseli zisizopungua 1,181. Nembo ya pikseli 200 iliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti hutosha sentimita 1.7 tu, ikivutwa zaidi ya hapo hutoka na ukungu. Nembo ni bora iwe ya vekta, ambayo hukuzwa bila kuharibika. Aidha, picha isitumwe kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwani hupunguzwa ubora njiani; itumwe kama faili.

Rangi ya nyuma ipite mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kikisogea kidogo huacha ukingo mweupe. Maandishi nayo yakae ndani ya mstari huo. Kwa katoni, ramani ya kukata na kukunja ichukuliwe kiwandani, isikisiwe kwa rula. Herufi zote zigeuzwe kuwa michoro au fonti zifungwe ndani ya PDF, na maandishi madogo yachapwe kwa wino mweusi peke yake. Yakitengenezwa kwa rangi nne, pleti moja ikihama kidogo tu orodha ya viambato haisomeki.

Bakodi

Ile mistari myeusi inayosomwa na mashine dukani ndiyo huharibiwa zaidi na wasanifu, kwa kuwa huichukulia kama pambo. Bakodi ya tarakimu 13, pamoja na nafasi nyeupe pembeni, ina ukubwa wa kawaida wa milimita 37.29 kwa 25.93. Inaruhusiwa kupunguzwa hadi asilimia 80 au kukuzwa hadi asilimia 200. Kuibana ili ipate nafasi ya picha ya mahindi ni kujitafutia hasara, na nafasi nyeupe pembeni isijazwe kitu.

Mistari iwe ya wino mweusi mmoja juu ya nyeupe. Mistari myekundu huonekana vizuri kwa macho, lakini visomeo vingi hutumia mwanga mwekundu, hivyo mistari hiyo hupotea. Katika flekso mistari ielekee upande inakokwenda karatasi, kwa sababu wino ukivutika huinenepesha ikiwa imelala kukingama. Kwenye kopo jembamba ipangwe kama vidato vya ngazi ili mviringo usiifiche. Katoni ya nje iliyotengenezwa kwa karatasi ya mawimbi hutumia bakodi kubwa zaidi ya tarakimu 14, kwa kuwa mistari myembamba hutawanyika juu yake.

Namba inayoanza na 616 imetolewa na ofisi ya GS1 ya Kenya, na 620 ni ya Tanzania. Inaonyesha mwenye namba alisajiliwa wapi, wala haithibitishi bidhaa ilikotengenezwa. Kuazima namba ya jirani ni hatari: kompyuta ya duka itauza bidhaa ya mwingine.

Yanayotazamwa na wakaguzi

Kwa vyakula vilivyofungashwa, kiwango cha Afrika Mashariki EAS 38 kinadai, pamoja na mengine, jina la chakula, viambato, ujazo au uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, nchi ya asili, utambulisho wa toleo la uzalishaji na tarehe. Tarehe na namba ya toleo hugongwa siku ya kufungasha, kwa hiyo mchoro uache nafasi isiyo na vanishi wala wino mzito. Bila hivyo maandishi hufutika kwa msuguano ndani ya lori.

Alama ya ubora ya shirika la viwango isiwekwe kabla ya leseni kutolewa, hata kama maombi yamekwisha pelekwa.

Prufu na faili

Prufu isomwe ikiwa kwenye karatasi, kwa ukubwa halisi, na mtu ambaye hakuandika maneno yale. Bakodi ipimwe kwa kisomeo, isitazamwe tu. Faili la mwisho litolewe kama PDF/X, aina iliyowekewa masharti ya uchapaji. Toleo litakalotumika litajwe na kiwanda chenyewe. Mkataba useme pleti au silinda ni za nani na zitatunzwa kwa muda gani. Mteja naye adai faili la asili linaloharirika, kwani anuani ya mzalishaji ikibadilika, au msanifu akihama mji, mwenye PDF peke yake atalipia mchoro upya.