Pikipiki kuukuu: ufufuaji wake na tiba ya kabureta (Buhare, Musoma)

Kufufua pikipiki kuukuu ni amali ya kuirudisha barabarani, kwa viungo vyake vya asili kadiri iwezekanavyo, mashine iliyokwisha kuachwa ghalani au chini ya mwembe kwa miaka mingi. Na kabureta, ambayo ni ala ya kuchanganya petroli na hewa kabla hazijaingia katika silinda, ndiyo sehemu inayolaumiwa kuliko sehemu zote za mashine hiyo, aghalabu bila ya haki. Makala haya yanaitazama amali hiyo kwa hali ya kata ya Buhare, katika Manispaa ya Musoma, mkoani Mara, mahali penye chuo cha maendeleo ya jamii kinachofunza maafisa ambao kazi yao ni kuzunguka vijijini, na ambapo ziwa, vumbi na mwinuko wa nchi vyote vina athari katika pumzi ya injini.

Pikipiki za kale kabisa zilizopita katika nchi hizi zilikuwa za Kiingereza, mfano wake BSA Bantam, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 kwa kufuata ramani ya DKW RT 125 ya Kijerumani, iliyotwaliwa na washindi wa Vita Kuu ya Pili kuwa fidia. Lakini hizo sasa ni adimu mno. Zinazoweza kupatikana na kufufuliwa ni za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980, yaani Yamaha AG100 na DT125, na Honda XL125 na CG125, zilizowabeba mabwana shamba, wauguzi, mapadri na watumishi wa miradi katika njia zisizopitika kwa gari. Honda CG125 ya mwaka 1976 yastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa wahandisi wake, walipotambua kwamba katika nchi nyingi mwenye pikipiki hupakia mzigo mzito, hupita katika vumbi na hubadili oili pale tu anapokumbuka, waliacha mtindo wa kuendesha vavu kwa mnyororo na kurudia vijiti vya kusukumia vavu, ambavyo havidai kuangaliwa kila mara. Injini za pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia Tanzania kuanzia miaka ya 2000 na kugeuka bodaboda zilinakiliwa kutoka kwa hiyo, na kwa sababu hiyo mwenye CG ya zamani hupata gasketi, ringi na sahani za klachi katika maduka ya vipuri vya bodaboda, ingawa kila kimoja ni lazima kipimwe kabla ya kufungwa, kwani kufanana si kulingana. Mwenye AG au DT, ambazo injini zake huchoma oili pamoja na petroli, hana bahati hiyo, naye sharti azidishe hadhari asivunje wala kupoteza kitu.

Kabureta yenye boya ilipatikana mwaka 1893 katika nchi mbili kwa wakati mmoja, Ujerumani kwa Wilhelm Maybach na Hungaria kwa Donát Bánki na János Csonka. Kazi yake hutegemea kanuni iliyoelezwa na Daniel Bernoulli mwaka 1738 na kujaribiwa baadaye na Giovanni Battista Venturi, kwamba kitu kinachotiririka kikipita mahali pembamba huongeza mwendo na kupunguza mgandamizo wake. Basi hewa inayovutwa na pistoni, ipitapo katika koo la kabureta, hupungukiwa na mgandamizo, na petroli iliyomo ndani ya kibakuli cha chini hupanda kupitia jeti na kutawanyika ndani ya hewa hiyo. Boya huelea juu ya petroli ya kibakuli na kuisukuma sindano fupi inayofunga njia ya mafuta pindi kimo kinapotimia. Slaidi, inayoinuliwa kwa waya wa usukani, hupanua au hubana koo, nayo imeshika sindano ndefu iliyochongoka inayozibua jeti kidogo kidogo kadiri inavyopanda. Kwa uzito, injini huhitaji takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli ili mafuta yote yaungue, ila inapowashwa ikiwa baridi, au inapovuta mzigo mlimani, hutaka petroli zaidi.

Hapo ndipo Buhare inapotofautiana na pwani. Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Musoma ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia kama 10. Jeti haijui kwamba hewa imekuwa nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa pwani, ikiletwa huku, huipa injini petroli iliyozidi haja kwa takriban asilimia 5. Ziada hiyo ni ndogo na injini yenye afya huivumilia. Lakini ikikutana na jeti iliyochakaa, au na chujio la hewa lililozibwa na vumbi la kiangazi na usubi wa ziwani, plagi huvaa masizi meusi na pikipiki hukataa kuwaka asubuhi. Anayekwenda mbali zaidi, kwa mfano hadi ukingo wa Ngorongoro ulio zaidi ya mita 2,200, ataona dalili hiyo ikizidi, wala asidhani kwamba mashine imeharibika njiani.

Kosa linalorudiwa na wengi ni kuifungua kabureta kwanza. Mwandishi wa makala haya anashikilia kwamba kabureta ifunguliwe mwisho, baada ya vitu vingine kuthibitishwa, kwa sababu kabureta safi haiwezi kufanya kazi ikiwa imezungukwa na maradhi. Kiki ikipigwa na mguu usikute ukinzani, ringi au vavu hazifungi, na hakuna jeti itakayoponya hilo. Nafasi ya vavu za CG125, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.08; nafasi hiyo ikiwa imekwisha kabisa, vavu hubaki wazi kidogo, mgandamizo hupotea, na injini huonesha dalili zile zile ambazo fundi mwenye haraka huzipachika kabureta. Cheche nayo itazamwe kwenye plagi iliyosafishwa, yenye mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7, mbali na petroli iliyo wazi. Halafu lije tangi. Tangi lililokaa nusu tupu karibu na ziwa huota kutu ndani, na kutu hiyo, laini kuliko unga, hupita katika koki na kuketi ndani ya kibakuli. Hata kabureta ikisafishwa mara kumi, itaziba tena kabla ya kufika Bunda. Lisafishwe kwa kokoto ndogo au vipande vya mnyororo vinavyotikiswa ndani yake pamoja na maji na asidi hafifu, mathalani siki au ndimu, lisuuzwe, likaushwe juani siku hiyo hiyo, na kupakwa oili kidogo ndani kabla kutu mpya haijaanza. Tundu la pumzi katika kifuniko cha tangi lisisahauliwe: likiziba, pikipiki huenda vizuri kwa kilomita chache, kisha huzima kwa kukosa mafuta, na mara kifuniko kinapofunguliwa hewa huingia kwa mvumo na injini huwaka tena.

Kabureta inapofika zamu yake, jambo la kwanza ni bisibisi. Skrubu za Kijapani za zama hizo zina msalaba uliochongwa kwa kipimo cha Kijapani, na bisibisi ya kawaida hupanda juu na kuukwangua. Wengi wameharibu kibakuli kizima kwa sababu ya skrubu moja. Ndani hukutwa ulimbo wa rangi ya kahawia, ambao ni masalio ya petroli iliyolala na kukauka. Viungo vya shaba vilowekwe katika dawa ya kusafishia kabureta, ila mipira iondolewe kwanza, kisha kila njia ipulizwe kwa upepo wa pampu hadi utoke upande wa pili. Jeti isichokolewe kwa waya wa chuma. Ukubwa wake hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, na tundu la milimita 1.00 likipanuliwa hadi 1.10 huongeza eneo lake kwa asilimia 21; mkwaruzo usioonekana kwa macho waweza kuwa sababu ya moshi mweusi wa miaka yote ijayo. Uzi wa nailoni watosha. Boya litikiswe sikioni: likisikika maji ndani, limetoboka, litazama, na petroli itamwagika kwa mrija wa chini bila kukoma. Kumwagika huko kukitokea ilhali boya ni zima, sababu ni uchafu au mkunjo katika ncha ya sindano yake.

Kabureta ya asili, Keihin kwa Honda au Mikuni kwa Yamaha, isitupwe kwa kuwa ya bandia ni rahisi. Iliyochongwa na mtengenezaji kwa ajili ya injini ile, hata ikiwa na umri wa miaka 40, mara nyingi huhitaji kusafishwa na kubadilishiwa sindano na mipira tu, ilhali mpya isiyo na nasaba huja na jeti zilizobahatishwa.

Kutambua hitilafu ni elimu ya kujua injini inalalamika slaidi ikiwa wapi, na alama ya chaki katika mshiko wa usukani husaidia sana. Slaidi ikiwa imefungwa hadi sehemu ya nane, watawala ni jeti ndogo na skrubu ya hewa, ambayo huanzwa kwa kufunguliwa mzunguko mmoja na nusu, kisha husogezwa polepole, injini ikiwa moto, mpaka mngurumo uwe sawa. Kati ya robo na robo tatu, mtawala ni sindano ndefu, inayoinuliwa au kushushwa kwa kijiklipu chake. Juu ya hapo ni jeti kubwa. Ili kuihakiki, pikipiki ikimbizwe mahali palipo salama slaidi ikiwa imefunguliwa kabisa, klachi ikamatwe, injini izimwe papo hapo na plagi itolewe: rangi ya kahawia ni heri, masizi ni petroli iliyozidi, na weupe ni petroli iliyopungua, hali ambayo huunguza pistoni. Mngurumo unaopanda wenyewe na kukawia kushuka ni dalili ya hewa ya wizi, inayoingia kwenye mpira uliopasuka kati ya kabureta na kichwa cha injini. Grisi ikipakwa juu ya mpasuko na mngurumo ukabadilika, mwizi amepatikana. Pikipiki za silinda mbili na kabureta mbili, ambazo ni chache mkoani, huongeza sharti la slaidi zote kuinuka pamoja, jambo linalopimwa kwa saa za mvuto.

Petroli yenyewe nayo huwa na hatia. Uchanganyaji wa mafuta ya taa katika petroli ulienea hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilipoanza mwaka 2010 kutia alama maalumu katika mafuta yanayouzwa nchini. Petroli ya namna hiyo hutoa moshi, hulowesha plagi na huwafanya watu wageuze skrubu zisizo na kosa. Kabla ya kugusa lolote, jaribu petroli mpya kutoka kituo kingine.

Mwenye kununua pikipiki kuukuu alinganishe namba za injini na fremu na kadi yake ya usajili kabla ya kulipa, kwani kazi yote hii haina faida kwa chombo kisichoweza kupita mbele ya askari. Naye mwenye pikipiki anayesafiri na kuiacha nyumbani afunge koki ya mafuta, afungue skrubu ya chini ya kibakuli, na aikinge petroli yote katika chombo, mbali na moto. Kazi hiyo haifiki dakika tano, na kabureta nyingi zinazofikishwa kwa mafundi zimezibwa kwa sababu haikufanywa.