Nyumba Juu ya Chombo cha Kushonwa

Atakaye nyumba ya kuelea haanzi na vyumba wala paa. Huanza na bodi la chombo. Ama atafute chombo kikuukuu kilichokwisha kazi yake, ama aende kwa fundi akaundiwe kipya. Njia zote mbili zimejaribiwa huko Kerala, pwani ya kusini-magharibi ya Bara Hindi, na kisa chake chatuhusu sisi watu wa visiwani kuliko tunavyodhani.

Huko kuna chombo kiitwacho kettuvallam. Kwa Kimalayalam, kettu ni kufunga na vallam ni chombo. Basi ni chombo cha kufungwa, kwani bodi lake halina msumari hata mmoja. Mbao zake ni za anjili, mti wa jamii ya mfenesi. Fundi hukutanisha ubao na ubao, ukingo kwa ukingo, akatoboa matundu pande zote mbili, akalaza usumba juu ya maungio, kisha akashona kwa kamba ya nazi hata mshono ukakaza. Mwisho hupakwa dawa nyeusi iliyopikwa kwa maganda ya korosho, isiyopitisha maji wala kupendwa na wadudu. Mkorosho wenyewe, kama ajuavyo msomaji, uliletwa kutoka Brazil kwa mkono wa Wareno katika karne ya 16. Hivyo dawa hii haiwezi kuwa kongwe kama mshono inaoulinda.

Vyombo vikubwa vya aina hii vilibeba hadi tani 30. Viliteremka na mpunga wa Kuttanad, nchi ambayo mashamba yake yamo chini ya usawa wa bahari, pamoja na viungo, vikapita ziwa Vembanad kwa upondo na tanga hadi bandari ya Kochi. Barabara na madaraja vilipoenea katika nusu ya pili ya karne ya 20, malori yakaichukua shehena yote. Vyombo vikabaki kandoni mwa maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndipo wenyeji walipoanza kuvitwaa, wakaviezeka paa la mianzi na mikeka, wakavitia vyumba vya kulala, na Alappuzha ikawa mji wa nyumba za kuelea.

Walakin, kushona vyombo si hodari ya Wahindi peke yao. Kitabu cha mabaharia cha Kiyunani cha karne ya 1, Periplus, kinataja mji wa Rhapta katika pwani yetu, uliopata jina hilo kwa sababu ya vyombo vyake vya kushonwa. Wareno walipofika Msumbiji mwaka 1498 waliona vyombo ambavyo mbao zake zimeshikwa kwa kamba. Na karibu na nyumbani zaidi, visiwa vya Wabajuni na Pate viliunda mtepe: tanga la mkeka la mraba, omo iliyochongoka kama shingo ya ngamia, na shehena ya boriti kutoka kwenye mikoko ya Lamu. Ulivuja, naam, na baharia hakupumzika kuyakumba maji ngamani. Lakini ulipogonga mwamba au kupwelewa mchangani ulinyumbuka, pale ambapo chombo cha misumari kingepasuka. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alitoa hoja hiyo hiyo kuhusu vyombo vya kushonwa vya Bahari ya Hindi.

Wapenzi wa ushairi wataona jambo dogo hapa. Lugha yetu hutumia neno moja, kutunga, kwa mwenye kupitisha uzi katika ushanga na kwa mwenye kupanga vina. Fundi wa mtepe naye alikuwa wa ukoo huo.

Mitepe ilikwisha baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ikishindwa na majahazi ya misumari. Haikupata kazi ya pili. Mwaka 2003 uliundwa Unguja mtepe wa mfano, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib kama kitu cha makumbusho. Nayo sehemu kubwa ya jumba hilo ikaporomoka tarehe 25 Disemba 2020.

Hiyo ndiyo tofauti iniumizayo. Kettuvallam ilipata mgeni wa kuilalia, na fundi wake akapata ujira. Sisemi kwamba bei yake ni ndogo. Bodi kuukuu hazikutosha wageni walipozidi, ikabidi ziundwe mpya kwa ajili ya vyumba tu, ambazo hazijabeba gunia hata moja la mpunga. Mitambo ya dizeli imeshika mahali pa upondo, na ziwa Vembanad linabeba mafuta na uchafu wa mamia ya nyumba hizo. Baadhi yetu watasema kwamba chombo kilichogeuzwa hoteli ni maiti iliyovikwa nguo nzuri. Mimi siafiki. Kamba ya nazi haidumu milele: baada ya miaka kadhaa chombo hupandishwa nchi kavu, mshono ukafumuliwa na ukashonwa upya, na kazi hiyo haifanyiki ila kwa watu wawili wakabiliane, mmoja nje na mmoja ndani ya bodi, wakipitishiana kamba tunduni. Huko Kerala wapo bado watu wa kukaa pande zote mbili za ubao.