Leso ya Mbwawa, Leso ya Mombasa

Nilimsomea bibi mmoja wa Mbwawa, Kibaha, hadithi ya Mombasa niliyokuwa naitafsiri kutoka Kiingereza. Nilipofika pale mama anapomfunga mwanawe mgongoni kwa leso, bibi alicheka hadi akakohoa. “Mwanangu, leso na mtoto? Labda mtoto wa panya!”

Kwake, kama kwetu Unguja, leso ni kitambaa cha kufutia jasho. Cha kubebea mtoto ni kanga. Mombasa leso ndiyo kanga yenyewe.

Neno ni la Wareno: lenço. Waliingia pwani yetu mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakaipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Walituachia meza, bendera, foronya na gereza (ambalo kwao ni kanisa, tafsiri hiyo sina la kuiongezea). Leso ilibaki, ikauzwa madukani kwa jora, vitambaa vikiwa havijakatwa. Masimulizi yanasema kwamba katikati ya karne ya 19 wanawake walinunua vitambaa sita, wakavishona safu mbili za vitatu vitatu, wakapata nguo ya kujifunga. Mombasa jina la kitambaa likapanda juu ya nguo nzima. Kwingine nguo ikaitwa kanga, kwa madoa yake kama ya ndege yule.

Mwaka 1928, tena katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tangu hapo wapo wanaoihesabu leso ya Mombasa kuwa kosa. Siafikiani nao. Kireno chenyewe kina lençol, shuka la kitandani, litokanalo na neno la Kilatini lililomaanisha kijitambaa cha kitani. Ikiwa huko kijitambaa kimekuwa shuka, kwa nini leso ya Mombasa isiwe kanga?

Lakini bibi wa Mbwawa naye alikuwa na haki ya kuelewa. Kuandika “kanga” kungemnyang’anya mama wa Mombasa neno lake. Mwishowe niliandika kwamba alitwaa upande mmoja wa doti ya leso, akamfunga mtoto. Vitambaa vya jasho haviuzwi kwa doti. Nilirudi Mbwawa nikasoma tena. Bibi akauliza tu doti hiyo ilikuwa na jina gani.