Netsuke za mbao: kishikizo kilichogeuka hazina

Kimono haina mifuko. Katika Japani ya enzi ya Edo (1603–1868), mwanamume aliyetaka kutembea na tumbaku, kiko, fedha au dawa alivitia katika vifuko na vikasha vidogo, akavining'iniza kwa kamba iliyopita nyuma ya mshipi wake, obi. Kamba isichopoke, ncha yake ya juu ilifungiwa kishikizo kilichokaa juu ya mshipi. Kishikizo hicho ndicho netsuke.

Sanaa yake ilikuzwa zaidi na wafanyabiashara wa miji kama Edo na Osaka. Walikuwa na fedha, lakini utaratibu wa matabaka uliwaweka chini, na amri za watawala wa Tokugawa ziliwazuia kujionyesha kwa mavazi ya fahari. Kitu cha sentimita tatu au nne kiliwaachia nafasi ya kuonyesha ladha yao. Mwaka 1781 Inaba Tsuryu wa Osaka alichapisha Soken Kisho, kitabu kuhusu mapambo ya panga, na ndani yake akaorodhesha wachongaji wa netsuke zaidi ya 50. Orodha hiyo bado ni msingi wa utafiti.

Mbao iliyopendwa kuliko zote ni ya mti wa tsuge: ngumu, yenye nyuzi zilizoshikamana, inayokubali kuchongwa hata unyoya wa ndege. Masanao wa Yamada, katika jimbo la Ise, na waliorithi jina lake wanajulikana kwa vyura. Naito Toyomasa (1773–1856) alifanya kazi yake huko Tanba. Huko Takayama, Matsuda Sukenaga (1800–1871) alitumia mti wa ichii na kuacha mikato ya kisu ionekane wazi.

Uzuri peke yake haukutosha, kwa kuwa kitu hiki kilivaliwa. Ncha kali ingechana hariri, na kiungo chembamba kingevunjika. Kwa hiyo mnyama hukunjwa, mkia ukazungushwa mwilini, miguu ikabanwa chini ya tumbo. Kamba hupita katika matundu mawili, na mara nyingi moja ni pana zaidi ili limeze fundo. Ustadi mkubwa uko hapo: sanamu kamili isiyosahau kazi yake.

Baada ya mageuzi ya Meiji ya 1868, suti zenye mifuko na sigara viliondoa haja ya netsuke, nazo zikauzwa kwa wageni kwa wingi. Jijini Paris, mkusanyaji Charles Ephrussi alinunua 264 kwa mkupuo kutoka kwa mfanyabiashara Sichel. Safari ya mkusanyo huo hadi Vienna, na jinsi mtumishi wa nyumbani alivyouficha Wanazi wasiupate, imesimuliwa na mwandishi Edmund de Waal katika kitabu chake cha 2010. Elimu ilikuja polepole kuliko ununuzi. Mtafiti Frederick Meinertzhagen aliandika kadi za maelezo ya maelfu ya netsuke, na kadi hizo zimehifadhiwa British Museum. Ueda Reikichi alitoa kitabu chake mwaka 1943, na mwanasheria Mmarekani Raymond Bushell akakitafsiri kwa Kiingereza. Mkusanyo wa Bushell mwenyewe uko katika jumba la sanaa la Los Angeles.

Mkusanyaji makini haanzi na sahihi. Wanafunzi walitumia majina ya walimu wao, na waghushi waliyatumia pia. Tomotada wa Kyoto, bingwa wa ng'ombe waliolala, aliigwa tangu akiwa maarufu. Ushahidi bora ni mbao yenyewe: imelainika palipogusa nguo, na kingo za matundu zimelika kwa kamba.

Mbao ina faida nyingine leo, kwa kuwa netsuke zilichongwa pia kwa pembe za ndovu. Mwaka 1989 Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kupendekeza biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ipigwe marufuku, na pendekezo hilo likapita. Sheria ya Uingereza ya 2018, iliyoanza kutumika 2022, ilibana zaidi: netsuke ya pembe haiuzwi huko ila kwa misamaha michache, wakati zile za tsuge na ichii zinaendelea kupita minadani.